Pindo la Mama Rosa

Chupa ya mafuta ya cherehani ilibaki na tone la mwisho, na Furaha, kabla hajaamua alitie leo au aliweke mpaka kesho, alimuuliza kwanza Mama Rosa.

Alimuuliza moyoni, kama ilivyokuwa desturi yake. Mama Rosa mwenyewe alikwisharudi kwao Afrika Kusini, ng'ambo ya nchi ambazo Furaha alizisikia redioni tu. Umbali huo haukumzuia kujibu. "Cherehani kavu inakula uzi," alisema, kwa kile Kiswahili chake cha kuburuta maneno kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. "Tia." Furaha akatia.

Mambo yake yote yalipita njia hiyo. Achemshe chai au alale hivyo hivyo? Mama Rosa angefanyaje. Mwenye nyumba akigonga, afungue au ajifanye hayupo? Mama Rosa angefanyaje. Hata mwaka ule mume wake Athanas alipopunguzwa kazi kiwandani, akaaga kwamba anakwenda Dakawa kutafuta kibarua cha mpunga, na mpunga ukavunwa, ukapandwa, ukavunwa tena, mtu asionekane, Furaha alikaa kitandani akauliza alie au asilie. Mama Rosa akamwambia: lia, lakini usilie juu ya kitambaa cha mtu.

"Mtani," alisema Sufiani kutoka kwenye cherehani ya pili. "Umeshamaliza kuongea na mzungu wako tuanze kazi?"

"Si mzungu. Mweusi kukushinda wewe."

"Basi mzimu wako. Nyie Waluguru mkikosa mtu wa kuongea naye mnaongea na chuma."

"Na nyie Wazigua hata chuma hakiwataki. Sikiliza cherehani yako inavyolia, utadhani umeikaba."

Sufiani alicheka. Alikuwa kijana mwenye watoto wengi kuliko umri wake, na mdomo ambao haukuwahi kupigwa mshono. Wawili hao walishona kwenye baraza la duka la Bwana Severini, pale Mji Mpya. Kichwa cha cherehani kilikuwa cha Furaha mwenyewe. Meza yake, kiti, baraza na kivuli vilikuwa vya Severini. Ulikuwa mwezi wa Januari, shule zinakaribia kufunguliwa. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunga mawingu mpaka kiunoni, na kina mama wa huko juu walikuwa wakiteremka kwa mistari na ndizi, magimbi na mchaichai vichwani, wauze sokoni, kisha wapande na madaftari na sare za watoto.

Sare zilipatikana pale pale kwa Severini. Shule ya karibu, iliyopokea hata watoto wa mlimani, ilikuwa imeelewana na duka lake kwamba mtoto asiye na beji ya kutoka dukani humo hapiti getini. Beji haiuzwi peke yake. Inauzwa ikiwa imeshonwa kwenye sare. Ofisi ya mwalimu mkuu nayo ilikuwa imepakwa rangi mpya na kuwekewa mlango wenye kitasa cha kung'aa, na wazazi walikitazama kitasa kile, wakatazamana. Siku hizi kila kitu ruksa, walisema wakiwa njiani kurudi.

Kazi ya Januari ndiyo iliyomweka Furaha mjini. Chumba chake cha kupanga kilitosha kitanda na jiko la mkaa, cherehani ingebidi ilale juu ya kitanda na yeye chini. Mitumba ilikuwa imewamaliza mafundi, maana nani atashonesha gauni na magauni ya Ulaya yamemwagwa chini kwenye turubai, uchague mwenyewe? Lakini sare ya shule haiji kwenye marobota. Akikosa baraza hili, basi ni kurudi mlimani kwa wajomba, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, abebe ndizi kama walivyobeba mama na bibi. Hakuzidharau ndizi. Ila alikuwa na tamaa yake moja, na aliitunza kama moto uliofunikwa majivu: chumba chenye dirisha kubwa na vyerehani vimepangwa, wasichana wa mlimani wamekaa wanajifunza, na yeye anapita nyuma yao, mkono mmoja kiunoni, kama alivyokuwa akipita Mama Rosa.

Alikutana naye Mazimbu, zamani, akiwa binti aliyechukuliwa kufua. Enzi hizo Mazimbu ilijaa wakimbizi wa Afrika Kusini. Walikuwa wamejenga shule na nyumba zao pale palipokuwa shamba la mkonge, wakasubiri nchi yao iwe huru. Mama Rosa alikuwa na chumba cha kushonea nguo za watoto. Siku moja alimkuta binti wa kufua amesimama mlangoni anaitazama cherehani kama mbuzi anavyotazama mahindi ya watu. Hakumfukuza. Alivuta sigara yake mpaka mwisho, akaizima kwa kisigino, akasema, "Njoo. Osha mikono."

Hakuwa malaika. Alikuwa akitukana kwa lugha ya kwao uzi ukikatika, na ugali aliula kwa maziwa ya mgando na sukari, hata Furaha akaona haya kwa niaba yake. Lakini kazi yake! Kila nguo ya mtoto aliiwekea pindo pana, upana wa kiganja, limekunjwa ndani na kushikizwa kwa mshono mwepesi unaofumuka bila kuumiza kitambaa. Mtoto akirefuka, unafumua, unashusha, unapinda upya. Nguo moja ilimfuata mtoto miaka, kisha ikamfuata mdogo wake. "Huyu wa leo tumemwona," alikuwa akisema, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Sisi tunamshonea yule wa mwakani." Naye mwenyewe alikuwa na mtu wake, shangazi yake aliyekuwa mfuaji huko kwao; Mama Rosa akikwama, alitazama juu akauliza, "Sasa, Shangazi?"

Kiswahili Furaha ndiye aliyemfundisha, kwa vitendawili, mikono ikiwa kazini.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Anakula kwa jino moja, mkia wake mrefu unapungua kila akila."

Mama Rosa alifikiri, akafikiri, na sindano yenyewe kaibana mdomoni. Alishindwa. Na mtu akishindwa kitendawili anatoa mji, ndiyo sheria.

"Nipe mji."

"Chukua Durban."

"Nimekwenda Durban, nimekula, nimekunywa, nimelala kitanda cha kamba. Jibu ni sindano."

Mama Rosa alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaacha kucheka. "Umefika Durban kabla yangu," alisema.

Kila aliposhindwa alitoa mji wa kwao, na alishindwa mara nyingi. Furaha alipewa Durban, akapewa Johannesburg, akapewa na vimiji ambavyo hakuweza kuvitamka. Nchi yao ilipofunguka na wakimbizi wakaanza kuondoka, basi baada ya basi, Mama Rosa alimwachia kichwa cha cherehani na gauni moja la bluu alilomshonea mwenyewe, lenye pindo pana kuliko yote. "Ukinenepa, shusha," alisema. "Na mimi nitarudi kuidai miji yangu."

Furaha hakunenepa. Gauni lilikuwa mwilini mwake asubuhi hii, pindo lote bado liko ndani. Na miji yote ile ilikuwa yake, ila mwenye miji hakuwa na baraza.

Bwana Severini alitoka dukani na jora jipya la tetroni ya bluu begani, akalitua mbele yao.

"Mafundi, sikilizeni. Kuanzia jora hili, pindo hakuna. Pinda nyembamba, mara moja, piga mshono, basi. Nataka jora litoe sketi nyingi kuliko lile la jana."

Sufiani alitazama viatu vyake. Furaha akasema, "Bosi, hawa watoto wanakua."

"Ndiyo. Na wakikua watakuja kununua nyingine."

"Mama zao wanabeba ndizi."

"Na mimi nilibeba funguo za stoo ya shirika la umma mpaka nikazeeka nazo, dada. Siku shirika lilipouzwa nilipewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Nani aliniwekea mimi pindo?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi, na kila alipozungumza biashara alisimama mahali ambapo angeweza kuiona picha iliyobandikwa nyuma ya kaunta. Ilikatwa kwenye gazeti: tajiri mmoja wa Kariakoo, kasimama mbele ya ghorofa lake, mikono mifukoni. "Unamwona yule? Alianza kwa kuuza karanga pembeni mwa barabara. Kila nikikwama namtazama yule, najiuliza angeamua nini. Unadhani alifika pale kwa kuacha kitambaa chake kwenye sketi za watu?"

Furaha alilivuta jora karibu.

"Najua na wewe una wako," alisema Severini. "Sufiani kaniambia. Ni vizuri, mtu awe na mtu wa kumtazama. Lakini wangu namwona, yuko Kariakoo, nikipanda basi asubuhi mchana nimeshamwamkia. Wako yuko wapi?"

Alipoona uso wa Furaha alijuta kidogo, akakohoa, akarudi ndani.

"Mdomo wako, Sufiani," alisema Furaha.

"Nisamehe, dada. Zilikuwa stori tu."

Walikata. Furaha alikata kama alivyoagizwa. Mkasi ulipita pale ambapo miaka yote hakuwahi kuupitisha, na kila ulipopita mkono ulisita kidogo kama mguu unaotafuta ngazi gizani. Sketi zilitoka haraka. Zilining'inizwa zikiwa bado na joto la pasi ya mkaa, beji zikishonwa moja moja, na ukizitazama kwa mbele zilikuwa nzuri kweli.

Jua lilipopenya mawingu alifika Zuhura wa Towelo, amemshika mkono binti yake mdogo, Rehani, anayeanza darasa la kwanza. Kapu lake la ndizi lilikuwa tupu kichwani, limegeuzwa kama kofia.

"Shikamoo," alisema mtoto, na maneno yakapita kwenye pengo la meno ya mbele.

"Marahaba, mwanangu. Hayo meno umemkopesha nani?"

Mtoto akajificha nyuma ya kanga ya mama yake.

"Fundi, habari za hapa?" alisema Zuhura. "Nimemleta huyu. Dada yake Asia bado anavaa ile yako, juzi tumeshusha pindo mara ya mwisho. Ingekuwa na pindo jingine angeolewa nayo."

Walicheka. Severini alileta sketi kutoka ndani, akamsifia mteja kwa kuwahi. Na Zuhura akafanya kile ambacho kila mwanamke wa mlimani anafanya kabla hajatazama rangi wala mshono wala beji: aliigeuza sketi chini juu, akapapasa ukingo wake kwa kidole gumba na cha shahada, kama anayepima unga.

Akapapasa tena, upande wa pili.

"Fundi," alisema taratibu, "kwani unaumwa?"

"Siumwi, dada Zuhura."

"Huu mkono wako huu?"

Furaha alitaka kusema ni wa Sufiani. Aliona neno limekaa tayari kwenye ulimi. "Wangu," alisema.

Zuhura hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Aliikunja sketi polepole, kwa adabu, kama mtu anayefunika chungu cha mwenzake baada ya kuona mboga ilivyo. "Haya," alisema. "Bila beji hawampokei, nifanyeje?" Akaingia ndani kulipa, akatoka, akamvuta mtoto wakaelekea sokoni kutafuta chumvi.

Furaha aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani na kuuliza. Mama Rosa, sasa?

Akalisukuma gurudumu, likazunguka bure.

Aliuliza tena, akafumba macho, akakiona kile chumba cha Mazimbu, dirisha, moshi wa sigara. Mama Rosa alikuwepo, ila amempa mgongo, anakata kitambaa. Na kitambaa chenyewe, hapo ndipo Furaha alipokitazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kukikumbuka, kilikuwa kimefika kwa kontena kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Marobota kwa marobota, hakuna aliyeyanunua, hakuna aliyehesabu jora limetoa nini. Hakuna aliyedai kodi ya chumba. Mama Rosa alinyang'anywa nchi nzima, akaishi na huzuni ambayo Furaha asingeiweza, lakini hakuwahi kuwa na Bwana Severini. Hili swali lilikuwa geni kwake. Asingekuwa na jibu lake hata angesimama hapa barazani na futi yake shingoni.

Alibaki peke yake na mkasi.

Alivuta kilichobaki cha jora, akakitandaza, akachukua chaki. Akapima sketi ya mtoto wa darasa la kwanza, akaongeza kiganja chini, akachora. Akaongeza kiganja kwenye ya pili, akachora.

"Dada," alinong'ona Sufiani. "Dada Furaha, acha masihara."

Alichora ya tatu.

Severini alitoka akiwa ameshika kikombe cha chai. Aliutazama mchoro, akakiweka kikombe chini. "Nilisema nini?"

"Nilisikia, bosi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakata hivi. Bila hivi siwezi kukata tena."

"Ungekuwa na kitambaa chako ungekata mpaka kanzu ya tembo. Hiki ni changu."

"Ni kweli," alisema Furaha, maana ilikuwa kweli.

Severini aliuchukua mkasi mkononi mwa Furaha, bila kuunyakua, akamkabidhi Sufiani. Sufiani aliushika kama kitu cha moto. Alimtazama Furaha, akatazama jora, na Furaha akawaona watoto wake wote wamepanga foleni machoni mwake.

"Kata, mtani," alimwambia. "Watoto hawali maneno."

Furaha alifungua skrubu, akakitoa kichwa cha cherehani kwenye meza isiyo yake, akakifunga kwenye kanga. Hakuna aliyepiga kelele. Severini hata alimshikia mzigo akajitwika. "Ukibadili mawazo," alisema, "lakini isipite kesho, maana mafundi ni wengi." Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Mvua ilimkuta njiani. Alikimbilia chini ya paa la duka lililofungwa, karibu na njia ya kupandia Towelo, na hapo akawakuta Zuhura na Rehani wamejibanza na chumvi yao.

Zuhura aliutazama mzigo kichwani kwake, akaelewa. "Ni kwa ajili yangu mimi?"

"Kwa ajili ya mkono wangu. Nipe hiyo sketi."

Akatua, akakaa kwenye ngazi, akalishika gauni lake la bluu kwa chini. Mshono ule mwepesi ulifumuka kama ulikuwa unangoja. Uzi wa Mama Rosa ulitoka mzima mzima, mrefu, na Furaha akauzungusha kidoleni asiutupe. Kitambaa cha ndani kilikuwa na bluu kali kuliko cha nje, kwa kuwa hakikuwahi kuona jua. Alitoa wembe kwenye kitambaa cha sindano, akakata pindo lote, akaacha kidogo tu cha kukunja. Urefu wa gauni haukupungua. Aliyemtazama asingejua amepungukiwa nini.

"Usiharibu nguo yako, dada!"

"Ya kwangu imeshakuwa ndefu vya kutosha. Mimi nimeacha kukua."

Alianza kuliunganisha pindo lile kwenye ukingo wa sketi mpya, kwa mkono, mshono mwepesi, akilikunja kwa ndani lisionekane.

"Wataona getini?" aliuliza Zuhura.

"Mwaka huu hawaoni kitu. Mwakani, mtashusha, itaonekana bluu mbili. Wakisema, mwambie mwalimu mkuu aje anivue hili gauni alinganishe."

Zuhura alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Rehani alikuwa ametoka mafichoni, anaifuata sindano kwa macho.

"Kitendawili," alisema Furaha.

"Tega!"

"Nimekuwekea akiba huioni. Siku utakayoiona, hutakuwa wewe huyu."

"Pesa!"

"Pesa ningeila mwenyewe."

Mtoto alijipapasa pengo kwa ulimi. "Jino!"

"Unakaribia, lakini siyo."

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Rehani hakuwa na miji mingi. "Chukua Towelo."

"Towelo ndiko kwenu. Nikiichukua mtalala wapi leo?"

"Chukua Morogoro."

"Morogoro wamenitoa sasa hivi, mwanangu. Wananikumbuka bado."

Mtoto alifikiri, kidole mdomoni. Labda alilisikia jina hilo kwa wauza ndizi. "Basi chukua Mazimbu."

Sindano ilisimama. Mvua ilikuwa ikipiga bati la duka lililofungwa.

"Mazimbu," alisema Furaha, "naichukua. Nimekwenda Mazimbu. Nimekuta nyumba zimesimama, wengine wamehamia. Nimeuliza, hawamjui. Nimekaa barazani nikasubiri."

"Halafu?"

"Bado nasubiri."

Zuhura aligeuka kuitazama mvua.

"Na jibu?" alisema Rehani, maana sheria ni sheria.

"Jibu nimekushonea humu. Utalikuta."

Akakata uzi kwa meno.

Mvua ilipopungua walipanda, mtoto ameibana sketi kifuani chini ya mfuko wa nailoni. Furaha alijitwika cherehani yake akarudi mjini. Ilibidi apite Mji Mpya, hakuna njia nyingine ya kufika chumbani kwake. Alipolikaribia baraza la Severini hakugeuza shingo, hakuhitaji. Mlio ulimfikia mapema: mshono mfupi, mkanyago, mshono mfupi, mkanyago, haraka haraka, hakuna pale pa kutulia ambapo fundi hugeuza kitambaa kukunja pindo. Na mle ndani ya duka kina mama walikuwa wakizigeuza sketi chini juu, wakipapasa, wakirudia kupapasa, kisha wakilipa.

Mbele kidogo njia iligawanyika; mkono mmoja kwenda chumbani kwake, mkono mmoja kwenda kwa wajomba. Alisimama hapo, mzigo ukimlemea shingo, akafungua mdomo kuuliza kama kawaida yake.

Akaufunga. Akapita mkono wa chumbani kwake.